Vita ya Vietnam ilikuwa ya nani hasa? Ticha wa historia anajaribu kuifumua

Mwishoni mwa Aprili 2025 klipu za gwaride la Ho Chi Minh City zilizagaa kila kona, maaskari wanapiga mguu kama mashine, helikopta zinapita na bendera, Vietnam inaadhimisha miaka 50 tangu Saigon, mji mkuu wa Vietnam ya Kusini, ianguke mikononi mwa Kaskazini. Ijumaa yake naingia darasani, kidato cha nne, hapa Mbeya, baridi ndo inaanza kupiga hodi, hata chaki sijaishika kuna kijana wa benchi la nyuma ananirushia: "Ticha, si kweli Marekani alipigwa na wakulima wenye mapanga?" Mwenzake akadakia kwamba Marekani hajawahi kupigwa na mtu, alichoka tu akaondoka zake. Wa tatu akauliza kwa upole kabisa, "Kwani Vietnam si ndo wenye Halotel?"

Darasa zima likacheka, lakini huyo wa tatu ndo alikuwa sahihi kuliko wote. Halotel ni ya Viettel, na Viettel ni kampuni ya jeshi la Vietnam, yaani jeshi lilelile lililoingia Saigon na vifaru mwaka 1975 ndo leo linatuuzia bando pale Mwanjelwa.

Sasa mimi nimefundisha historia miaka mingi na nakiri kabisa, hii vita nilikuwa naifundisha kwa dakika ishirini: beberu alikuja, wananchi wakakataa, beberu akapigwa, andika sababu sita, kengele ikalia. Kilichonishtua ni kusahihisha moko pamoja na walimu wenzangu, wengine wametoka Iringa, wengine Njombe, unakuta rundo la karatasi za shule tofauti na zote zina sentensi ileile kama wamenakiliana, halafu hakuna hata moja inayokwambia Mvietnam mwenyewe alikuwa anataka nini. Tukaanza kubishana pale kwenye chai na maandazi, na ubishi huo haujaisha mpaka leo. Ninachoandika hapa ni kile ambacho baadhi yetu tumeanza kukibadilisha, na kwa nini.

Tuanze na maneno maana ndo yanayochanganya watu vijiweni. Vita Baridi ni ule ugomvi wa Marekani na Umoja wa Kisovieti baada ya 1945, kila mmoja anataka dunia ifuate mfumo wake, China naye yuko pembeni na hesabu zake, ila wakubwa wenyewe hawarushiani mabomu uso kwa uso kwa sababu wote wana nyuklia. Kwa mtu wa Mbeya hii haihitaji ramani. Simama karibu na stesheni ya TAZARA. Reli ile, kilomita 1,860 kutoka Dar mpaka Kapiri Mposhi, walijenga Wachina kuanzia 1970, kwa mkopo usio na riba. Geuza shingo uangalie barabara kuu ya kwenda Tunduma, ile iliwekewa lami miaka hiyohiyo na hela za msaada wa Marekani zimo, pamoja na za Benki ya Dunia. Reli ya Mchina na lami ya Mmarekani zinafuatana bega kwa bega hapa Nyanda za Juu Kusini. Hiyo ndo Vita Baridi, ila sisi tulipata bahati, kwetu walishindana kwa zege na mataruma, Vietnam walishindana kwa mabomu.

Neno lingine ni Viet Cong. Wengi wanadhani ni jeshi la Ho Chi Minh, kiongozi wa wakomunisti wa Kaskazini, hapana. Vietnam ya Kaskazini ilikuwa na jeshi lake rasmi, kombati na vifaru na kila kitu. Viet Cong lilikuwa jina waliloitwa wapiganaji wa msituni wa Kusini, watu wa hukohuko, waliokuwa chini ya chama cha ukombozi kilichoundwa Desemba 1960, na Kaskazini ikiwasaidia kwa silaha na maelekezo. Wenyewe jina hilo hawakulipenda, walibandikwa na maadui zao. Shika hilo kwanza, habari ya majina nitairudia.

Stori yenyewe kwa ufupi. Ufaransa waliitawala Vietnam kuanzia karne ya 19, Wajapani wakaingia 1940, Japan iliposalimu amri Ho Chi Minh akatangaza uhuru pale Hanoi tarehe 2 Septemba 1945. Ufaransa wakataka koloni lao, wakapigana miaka minane mpaka wakachapwa Dien Bien Phu, tarehe 7 Mei 1954. Ukafanyika mkutano Geneva, nchi ikakatwa kwa muda kwenye latitudo ya 17, Kaskazini akabaki Ho na wakomunisti wake, Kusini baadaye akashika Ngo Dinh Diem akiungwa mkono na Marekani, makubaliano yalikuwa 1956 wapige kura nchi iungane. Kura haikupigwa. Diem alikataa na Marekani wakamwacha akatae, na Rais Eisenhower mwenyewe aliandika baadaye kwamba kama uchaguzi ungefanyika wakati wa mapigano yale na Wafaransa, labda asilimia 80 wangemchagua Ho Chi Minh.

Hapo ndo mwalimu wa zamani, yaani mimi, nilikuwa naweka nukta na kupigiwa makofi. Lakini mwaka huohuo wa 1954 kuna watu wanaokaribia milioni moja walifungasha virago wakatoka Kaskazini kwenda Kusini, wengi wao Wakatoliki, mapadri mbele waumini nyuma, waumini wa Tosamaganga wakisoma hii watapata picha haraka. Wale hawakulazimishwa na beberu yeyote kumwogopa Ho Chi Minh, ingawa propaganda za Kimarekani zilikuwepo kweli. Kaskazini kulikuwa na zoezi la kugawa ardhi ambalo watu wengi walihukumiwa na kuuawa kwa kuitwa makabaila, mpaka 1956 serikali ya Hanoi yenyewe ikakiri hadharani ilikosea. Kwa hiyo unaona tayari asilimia 80 haiwi mia, na hao waliobaki nje ya 80 ni watu, wana watoto.

Tuendelee. Agosti 1964 Marekani ikasema meli zake zimeshambuliwa mara mbili kwenye Ghuba ya Tonkin. Shambulio la tarehe 2 lilikuwepo. La tarehe 4 halikuwepo, na nyaraka za usalama za Marekani yenyewe zilizofunguliwa 2005 zinalionyesha hilo. Lakini tarehe 7 Bunge lao lilishampa Rais Johnson ruhusa, kwenye Seneti ni wawili tu waliokataa. Machi 1965 wanajeshi wa nchi kavu wakatua Da Nang, na kufikia Aprili 1969 walikuwa 543,000. Ukitaka kuiona hiyo namba, jiji zima la Mbeya kwa sensa ya 2022 lina watu kama laki tano na arobaini, watoto wachanga na mabibi wamo, sasa wote hao wavalishe kombati uwapeleke nchi ya watu.

Sasa kuna mambo yanasemwa sana, hasa na sisi tuliokulia vibanda vya video tukiangalia Mmarekani mmoja kifua wazi anamaliza kijiji.

La mapanga ni uongo mtamu. Wavietnam walikuwa na mitego ya mianzi ndiyo, lakini Kaskazini walikuwa na makombora ya Kisovieti ya kutungulia ndege, ndege za MiG, vifaru, na wanajeshi wa China zaidi ya laki tatu waliopokezana kule kulinda anga na kutengeneza reli na madaraja yaliyokuwa yanapigwa kila siku. Kusema walishinda kwa mapanga unadhani unawasifia kumbe unawanyima akili yao, maana kazi kubwa ilikuwa kupanga, kupitisha mizigo milimani kupitia Laos usiku, na kuwabembeleza wakubwa wawili wa kikomunisti ambao wenyewe walikuwa hawaongei.

Lingine, kwamba Ho Chi Minh aliingia Saigon mshindi. Alifariki 2 Septemba 1969, miaka karibu sita kabla. Na la kwamba Marekani walifurushwa Saigon na jeshi zima, ile picha ya helikopta juu ya paa, nayo ina mchanganyo: askari wao wa mapigano walishaondoka Machi 1973 baada ya mkataba wa Paris, waliobaki wakipigana miaka miwili iliyofuata ni Wavietnam kwa Wavietnam. Helikopta zile za Aprili 1975 zilibeba Wamarekani wachache waliobaki na maelfu ya Wavietnam wa Kusini. Kwa hiyo Marekani alishindwa? Mimi nasema alishindwa, lengo lake lilikuwa Kusini isianguke na ikaanguka, hakuna namna ya kulipamba hilo. Ila kushindwa kwake ni jambo moja na nani alimshinda nani tarehe 30 Aprili Saigon ilipoanguka ni jambo la pili.

Na hapa turudi kwenye majina. Sisi tunasema Vita ya Vietnam kwa sababu Mmarekani ndo alivyoiita. Mvietnam serikalini anaiita vita ya kuipinga Marekani na kuiokoa nchi. Mvietnam aliyekimbilia California anaiita tarehe 30 Aprili "Aprili Nyeusi", siku aliyopoteza nchi. Hata makumbusho yao ni somo tosha: yale ya Saigon yalifunguliwa 1975 yakiitwa nyumba ya maonyesho ya uhalifu wa Marekani na vibaraka wake, 1990 wakaondoa neno Marekani na neno vibaraka, 1995 uhusiano wa kibalozi uliporudi wakayaita Makumbusho ya Mabaki ya Vita. Picha nyingi ukutani ni zilezile, kilichobadilika zaidi ni kibao cha mlangoni.

Mtu wa Iringa hili analo uani kwake. Ukitoka mjini kuelekea Ilula unafika Lugalo, mahali ambapo tarehe 17 Agosti 1891 Wahehe walivizia kikosi cha Emil von Zelewski wakakimaliza, Zelewski mwenyewe na askari zaidi ya mia mbili. Kwa Wajerumani yalikuwa maafa na wakajenga mnara wa kuwakumbuka watu wao, kwetu ni ushindi wa Mkwawa. Fuvu la Mkwawa lilirudi Kalenga tarehe 19 Juni 1954, wiki sita tu baada ya Dien Bien Phu, yaani mwezi ule Wavietnam wanakaa mezani Geneva, Kalenga watu walikuwa wanapokea kichwa cha chifu wao. Nikiwaambia wanafunzi hivyo wananyamaza kidogo, kwanza walikuwa wanadhani hizo ni dunia mbili.

Lakini Lugalo ina kitu kingine ambacho mimi nilikuwa nakiruka. Wale askari wa Zelewski wengi hawakuwa Wajerumani, walikuwa Waafrika, wakiwemo Wasudani waliokodiwa kutoka mbali. Na baadaye Wajerumani walipomsaka Mkwawa, Wasangu wa chifu Merere walikuwa upande wao. Kwa nini? Kwa sababu Wahehe walishawatoa Wasangu kwao miaka ya nyuma, wakahamia huku Usafwa, ndo maana mpaka leo tuna Utengule mbili, ya Usangu kule Mbarali na hii ya karibu na Mbalizi. Merere alimwona Mjerumani kama gari la kumrudisha nyumbani.

Hiyo ndo sehemu ya Vietnam ambayo vitabu vyetu vinairuka. Wanajeshi wa Vietnam ya Kusini waliokufa wanakadiriwa kuwa zaidi ya laki mbili. Marekani waliokufa ni 58,000 na kitu. Serikali ya Vietnam mwaka 1995 ilitaja wapiganaji wa upande wake milioni 1.1 na raia kama milioni mbili. Sasa angalia hizo namba halafu uniambie kama hii ilikuwa vita ya Mmarekani na Mvietnam tu. Wa Kusini kwenye muvi za Kimarekani ni mtu wa kupita nyuma ya kamera, kwenye historia ya Hanoi ni kibaraka, kwenye notisi zetu hayupo kabisa. Wengine walikuwa kweli watu wa mishahara na rushwa, serikali ile ilinuka rushwa, hilo halifichiki. Wengine walikuwa Wakatoliki waliokimbia 1954. Wengine walichukuliwa tu kwa lazima wakiwa vijana kijijini.

Na mkulima wa kawaida aliyekuwa katikati je? Mwaka 1962 serikali ya Kusini ilianza kuwahamishia wakulima kwenye vijiji vya uzio ili wasiwalishe wapiganaji wa msituni. Wakachukia, makaburi ya babu zao yako kule, mashamba kule, wao wako ndani ya miba. Hapa sihitaji kueleza sana, wazee wetu wanaikumbuka operesheni vijiji, na Isimani watu bado wanakisimulia kisa cha Krismasi ya 1971, mkulima alipompiga risasi Mkuu wa Mkoa Dk. Wilbert Klerruu. Sababu za Saigon na za kwetu si zilezile, kwetu hakukuwa na vita, lakini ukitaka kujua hasira ya mtu akihamishwa shambani kwake si lazima upande ndege.

Basi darasani tumefanya hivi. Nimetoa kopi karatasi tatu kwa hela yangu, wanafunzi themanini na kitu, karatasi moja kwa watu sita. Ya kwanza ina sentensi inayosema watu wote wameumbwa sawa, wamepewa na Muumba haki zisizoweza kuondolewa, na swali ni moja tu, nani kasema? Wote wakaandika Mmarekani. Na hawajakosea, ni maneno ya tangazo la uhuru la Marekani la 1776, ila karatasi yangu nimeitoa kwenye hotuba ya Ho Chi Minh ya 2 Septemba 1945, ndo alivyoanza. Kijana mmoja akauliza kwa hasira kabisa, "Sasa kama anawanukuu mbona wakaja kumpiga?" Hilo swali lilikula kipindi kizima na sijutii.

Ya pili inahusu mwaka 1968. Februari wakomunisti walipoushika mji wa Hue waliua raia waliowaita maadui, maiti zaidi ya 2,000 zilikuja kufukuliwa kwenye makaburi ya halaiki. Machi 16 askari wa Marekani waliingia My Lai wakaua wazee, akina mama na watoto, kwa hesabu ya Wavietnam ni 504. Kuna mwalimu mwenzetu aliniambia ukiweka hizo mbili pamoja unasawazisha dhambi, unampunguzia Mmarekani mzigo. Nilimwelewa, ni hatari kweli, maana aliyevuka bahari na ndege za mabomu ni mmoja, na Laos peke yake ilimwagiwa zaidi ya tani milioni mbili. Ila mtu wa Hue aliyepoteza baba yake mimi nitamwambiaje asubiri, baba yako haingii kwenye pointi sita? Kwenye My Lai hiyohiyo tunasoma pia habari ya rubani Hugh Thompson, Mmarekani, aliyetua helikopta yake katikati ya askari wenzake na wanakijiji, akawaambia watu wake wakiona wale wanaendelea kuua wawafyatulie. Nchi yake ilikuja kumpa nishani 1998, miaka thelathini baadaye.

Ya tatu ni ya wakimbizi wa mashua, watu kama laki nane waliofika salama nchi za watu kati ya 1975 na 1995, waliozama hawamo. Wengi wao ni wale wa Kusini na familia za waliopelekwa kwenye kambi za kufundwa upya.

Kuna mzazi alilalamika kwamba tunawafundisha watoto kumpenda beberu. Nikamkaribisha akae nyuma asikilize. Siku ile tulikuwa tunalinganisha mwaka 1979: Januari Vietnam inaingia Phnom Penh kumtoa Pol Pot, mtawala wa Cambodia, Aprili 11 majeshi yetu yanaingia Kampala kumtoa Amin. Nikauliza darasa, Mcambodia na Mganda wanaziitaje hizo tarehe, ukombozi au uvamizi? Ikawa kelele. Yule mzazi, aliyepigana Kagera kumbe, alinyanyua mkono kama mwanafunzi akaomba kuongea, akasema tulipoingia walitushangilia, ila tulipokaa sana nyuso zilianza kubadilika. Akakaa chini. Hakuna kitabu changu kilichowahi kufundisha vizuri namna ile.

Kwenye somo la Merere kuna binti wa Mbarali alinyoosha mkono taratibu: "Mwalimu, kwa hiyo sisi Wasangu tulikuwa vibaraka?" Kijana mmoja wa Kihehe akacheka, nikamkata jicho. Sikumjibu, nikamwambia akienda likizo amuulize babu yake. Shule ilipofungua akanifuata ofisini, shikamoo mwalimu, akasema babu kasema Merere hakumpenda Mjerumani, alitaka kurudi kwake. Halafu akaniuliza, "Na wale wa Kusini, walirudi kwao?" Nikamwambia wengine sa hivi wanarudi kusalimia wakati wa Tet, mwaka mpya wao, na masanduku ya zawadi, ila mji waliouacha ukiitwa Saigon ulibadilishwa jina 1976, na bado wazee wao wanakataa kulitamka jina jipya. Akaandika kwenye daftari, akapiga mstari chini, halafu akauliza kama hiyo itatoka kwenye mtihani.